Kazi usiache, mwanangu

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipata pamoja na zile sura mbili. Umeniuliza kama ni wazimu kuacha kazi ya uwakala wa mizigo hapo Mombasa ili ukae kuandika riwaya za ujasusi. Kuandika si wazimu. Kuacha kazi ndiko nisikokubali, na si kwa ajili ya mshahara peke yake.

Mshahara tuumalize upesi. Mwandishi hula mrabaha, mara nyingi kama asilimia 10 ya bei ya kitabu, tena baada ya kitabu kuuzwa. Wachapishaji wa Kenya hutegemea sana vitabu vya shule, na huyo jasusi wako mlevi sioni mwalimu atakayempeleka darasani.

La pili ndilo kubwa. Wengi waliotuandikia riwaya hizi walikuwa na shughuli nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa idara ya afya Unguja kabla ya kuwa mhariri wa gazeti. Mkaguzi wa afya hupiga hodi akaingia mpaka uani, akaona ambayo mgeni wa sebuleni haonyeshwi! Elvis Musiba, aliyemwandika jasusi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Riwaya yake Kufa na Kupona ya 1974 tuliazimana hapa mpaka jalada likabanduka. Ben Mtobwa, aliyemwandika mpelelezi Joram Kiango, alikuwa mwanahabari, kisha akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Na huyo Mwingereza unayemsifu, John le Carré, jina lake hasa ni David Cornwell. Alikuwa mtumishi wa idara za ujasusi za Uingereza, na alitumia jina la kubuni kwa kuwa watumishi hawakuruhusiwa kuchapisha kwa majina yao. Hakuacha kazi mpaka kitabu chake cha tatu, cha 1963, kilipovuma duniani. Cha tatu, mwanangu.

Sasa kurasa zako. Sura ya kwanza sikuipenda. Bastola, wiski, hoteli ya Nairobi, mwanamke mwenye gauni jekundu: hayo yote nimeyasoma kabla hujazaliwa. Lakini pale karani anapotazama hati zinazosema kontena limejaa vigae, kisha akaona uzito wa mizani ni mdogo mno, na bosi wake akamwambia apige muhuri aende zake akale, hapo nilisahau wali jikoni ukashika ukoko. Hakuna risasi hata moja katika ukurasa ule. Kuna mtu mwenye mke na kodi ya nyumba, ameshika muhuri, hajui aupige au asiupige. Hilo hukulisoma popote, umeliona kazini. Ukikaa nyumbani mwaka mzima utalipata wapi jingine?

Tena usidhani siri zote ziko Mombasa. Bandari mpya ya huku kwetu ilifungua gati lake la kwanza 2021, na maswali ya nani kauza shamba kwa nani hayajaisha kwenye madaka, mabaraza ya milangoni mwetu. Mgeni akipita Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, kabla ya adhuhuri, alasiri Langoni nzima inajua kafikia nyumba gani. Jasusi wako akija hapa na miwani yake myeusi atajulikana siku hiyo hiyo. Mwandike anayejulikana na kila mtu, lakini kazi yake haijulikani. Pengine muuza samaki. (Usimfanye mjombako, ana hasira.)

Andika alfajiri kabla ya kwenda kazini, na majina ya kampuni na watu wa kweli yabadilishe yote, nisije nikaitwa kituoni kwa ajili yako. Sura ya tatu ichapishe kwa herufi kubwa, umpe binamuyo anayekuja na basi la Mokowe. Kwenye simu siwezi kusoma. Karani huyo asife mapema.

Mamako