Tangazo la kazi yako ya zamani: namna ya kulithibitisha, na ya kumalizana nayo kabla hujarudi

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada yuko Kigoma Mjini, alikuwa mtunza stoo kwa mkandarasi wa ujenzi hadi mkataba ulipoisha. Juzi ameona kwenye grupu la WhatsApp tangazo la nafasi ile ile aliyokuwa nayo. Katuma CV, kapigiwa simu, kaambiwa amepita na atume 35,000 ya "fomu na vipimo vya afya" kabla ya saa kumi jioni. Anauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, arudi au asirudi, na barua aiandikeje.

Mkuu, hiyo hela usitume. Anayehitaji mtunza stoo anakuita uje na vyeti halisi, hakuuzii fomu. Suala la vipimo wanalitumia kwa sababu lina chembe ya ukweli: kampuni za ujenzi kweli hupima watu, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imelifanya hilo kuwa jukumu la mwajiri. Lakini unapimwa ukishachaguliwa, kwenye kituo cha afya chenye jina, na anayeshughulikia malipo ni kampuni. Hakuna kampuni inayokusanya hela za vipimo kwenye laini ya mtu binafsi. Kiasi chenyewe kimepangwa. 35,000 unaweza kuazima kwa shemeji ndani ya nusu saa, na ni ndogo kiasi kwamba ukipigwa utaona uvivu kwenda polisi. Saa kumi nayo imewekwa ili usipate muda wa kufika ofisini kuuliza. Ukituma, kesho kutakuwa na sare, keshokutwa bima, kisha "nauli utarudishiwa ukiripoti".

Kuna jaribio la dakika moja. Fungua menyu ya kutuma pesa, ingiza namba waliyokupa, weka kiasi chochote. Kabla ya namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Lisome, lipige picha, kisha ghairi. Ukiona jina la mtu ambaye hujawahi kumsikia pale kazini, umeshapata jibu. Ukiona linafanana na la afisa utumishi unayemfahamu, bado usitume: nenda ukamuulize uso kwa uso.

Kama kuna aliyeshatuma, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake papo hapo aombe muamala uzuiwe. Nafasi ipo kabla hela haijatolewa kwa wakala, baada ya hapo ni ngumu sana. Ule ujumbe usifutwe. Usambazwe kwenda 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti utapeli, na polisi uende na namba ya muamala ili upate RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni. Na kama ulituma pia namba ya NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe. Wakikuomba tarakimu zilizoingia kwa SMS eti "za kuthibitisha usaili", hizo ni funguo za WhatsApp yako au za akaunti yako ya pesa. Usimtajie mtu.

Sasa tangazo lenyewe. Mengi ya haya hayatungwi upya. Tangazo la kweli la zamani linachukuliwa, linabadilishwa tarehe na namba ya simu, linarudishwa kwenye magrupu. Ndiyo maana nembo ni sahihi, majukumu ni sahihi, hata jina la cheo ni lile lile, na wewe uliyewahi kufanya kazi pale unaliamini kuliko mtu mwingine yeyote. Angalia siku na tarehe: likisema "Ijumaa tarehe 14", fungua kalenda, maana anayebadilisha mwezi husahau kubadilisha jina la siku. Angalia namba ya kumbukumbu kama ina mwaka uliopita. Angalia jiografia, hapo matapeli wasioijua Kigoma wanaumbuka: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu na ya Nduta iko Kibondo, hivyo tangazo la "kambi ya Nyarugusu, Kibondo" limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika. Mtendeli ya Kakonko ilifungwa 2021, na ukiona nafasi ya huko leo, acha. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada hatua yoyote ya ajira, na barua pepe zao zinatoka kwenye anwani ya shirika. Tangu Marekani isimamishe misaada mwanzoni mwa 2025 kuna watu wengi wenye uzoefu wa mashirika walio nyumbani wakisubiri kuitwa tena, na matapeli wanalijua hilo.

Kazi za serikali ni rahisi kuzithibitisha: zinapitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unaomba bure kwa akaunti yako mwenyewe, na majina ya kuitwa kwenye usaili yanatoka kwenye tovuti. Halmashauri ikiwa na nafasi za mkataba, tangazo liko kwenye tovuti yake ya go.tz na kwenye mbao za matangazo. Kwa kampuni binafsi, tafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ingawa kumbuka kwamba usajili unathibitisha kampuni ipo, hauthibitishi nafasi ipo. Nafasi inathibitishwa na mtu mmoja tu, yule mwenye mamlaka ya kuajiri. Wewe una faida: ofisi unaijua, mlinzi wa getini anakujua. Chukua bodaboda uende. Swali la kuuliza si "mnaajiri?" maana hilo kila mtu hujibiwa "acha CV". Uliza: nafasi ya mtunza stoo imetangazwa na nani, maombi yanapokelewa wapi, na mwisho ni lini. Wasipoweza kujibu hayo matatu, hakuna nafasi.

Kuna aina nyingine inayoumiza polepole: tangazo la kampuni halali, halina ada, lakini nafasi haipo. Mara nyingi kuna mtu anakaimu na utaratibu wa ndani au wa mfadhili unataka itangazwe. Utalitambua kwa muda mfupi, siku tatu au nne, na sifa zilizokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja: miaka minne kamili, kwenye mradi wa aina hiyo hiyo, awe anaongea Kiha na ana leseni ya pikipiki. Omba ukitaka, lakini usiache kibarua ulichonacho.

Aina ya pili ya tangazo lisilo na nafasi ni CV za zabuni. Mkandarasi anayetaka kuingiza zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, anahitaji kuonyesha wataalamu, kwa hiyo anatangaza "nafasi" akusanye CV zilizosainiwa na vyeti vilivyothibitishwa. Tangu kazi za SGR, reli ya kisasa, zije upande huu, kipande cha Makutupora hadi Tabora na kile cha Tabora hadi Kigoma, nyaraka za mafundi sanifu na wapima ardhi zinazunguka sana. Dalili yake ni kwamba tangazo halina kituo cha kazi wala tarehe ya kuanza, ila linataka saini yako kwenye kila ukurasa wa CV. Si kosa kukubali, lakini kubali kwa kujua: uliza ni zabuni gani, andika kwenye CV jina la zabuni hiyo na tarehe, ili isije kutumika kwingine. Jina lako likionekana kwa wazabuni wawili wa kazi moja, utapata maswali usiyoyatarajia.

Tuje kwenye kurudi. Tuseme umefika ofisini, nafasi ipo, na wanakutaka. Jambo la kwanza ni madai ya nyuma, na hapa ndipo wengi wanapoteza haki bila kujua. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama malipo ya likizo au mishahara iliyobaki, ndani ya siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu bosi kakupigia akasema "tulia, tunakurudisha mwezi ujao". Mwezi ujao ukifika, 30 zimeisha, na itabidi uombe kwanza kuongezewa muda kwa sababu za msingi, ombi ambalo linaweza kukataliwa. Nimeliona hili likijirudia kwenye miradi, na si lazima kuwe na nia mbaya: meneja anaahidi kweli, makao makuu hayaidhinishi. Ukiwa na dai, pata makubaliano yaliyosainiwa, au jaza fomu CMA namba 1 ndani ya muda. Kufungua shauri ni bure, na usuluhishi unaweza kumalizika kwa nyinyi kukubaliana urudi.

Kwenye karatasi za kurudi wengine huchomeka fomu ya "sina madai yoyote". Isome kabla ya kusaini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka ajira ikiisha ulipwe mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuichukua, na upewe cheti cha utumishi. Kama hivyo havijatoka, viandike kwenye fomu kwa mkono wako, na kiasi chake, ndipo usaini. Cheti cha utumishi kidai hata kama unarudi pale pale.

Pili, soma jina la mwajiri kwenye mkataba mpya, herufi kwa herufi. Geti ni lile lile, msimamizi ni yule yule, lakini mkataba unaweza kuwa wa wakala au mkandarasi mdogo. Tofauti yake ni kubwa. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo hiyo kinawanyima ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki wenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule yule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Ukirudi kwa mwajiri yule yule, una hoja ya kuhesabu miezi ya mkataba wa kwanza. Jina likibadilika, unaanza sifuri. Kwa wale wa misimu ya tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge lipo jingine zuri: mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, na aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri mmoja anaipata pia kama jumla ya vipindi inazidi miezi 6.

Kiinua mgongo ni hesabu nyingine. Ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, na unahitaji miezi 12 mfululizo. Neno "mfululizo" ndilo linalokukata ukiwa ulikaa nje. Kama wanakuhitaji sana, omba sentensi moja kwenye mkataba: kwamba utumishi wa awali utahesabiwa. Haiwagharimu kitu leo, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuiomba. Omba pia kipindi cha majaribio kiondolewe, maana wanakujua.

Kipengele kinachopuuzwa kuliko vyote ni "mahali alipoajiriwa". Ajira ikikoma ukiwa mbali na pale ulipoajiriwa, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi huko au akulipe gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu ya siku unazosubiri. Sasa mtu anaitwa kutoka Tabora kwenda kambi ya ujenzi Uvinza, anafika, anapewa mkataba uliochapwa tayari: mahali alipoajiriwa, Uvinza. Kazi ikiisha, nauli na mizigo ni juu yake. Kama ulipigiwa simu ukiwa Tabora, iandikwe Tabora, na tunza ujumbe wa kuitwa.

Mshahara, zungumza kwa tarakimu mbili: ghafi na wa mkononi. Chukua 600,000 ghafi. NSSF yako asilimia 10 ni 60,000. Kodi inapigwa kwenye 540,000 inayobaki, nayo ni 24,000. Mkononi 516,000. Kama una mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, 90,000, unabaki na 426,000. Aliyekuwa akijitafutia 450,000 kwa biashara yake Mwanga au Gungu, Kigoma Mjini, anaweza kujikuta amerudi kazini kwa hasara. Kabla hujakubali, nenda NSSF uchukue taarifa ya michango ya kipindi cha kwanza. Kama ilikatwa kwenye mshahara na haikupelekwa, umeshajua mwajiri huyu atafanya nini na ya kipindi cha pili. Usisajiliwe upya, namba yako ya uanachama ni ile ile.

Na kilichokuondoa au kukuchosha mara ya kwanza, kiulizie kabla. Kama mishahara ilichelewa, waulize waliopo sasa, siyo meneja, mwezi uliopita waliipata tarehe ngapi. Mtunza stoo hasa adai kuhesabu mali upya na makabidhiano yaliyosainiwa na pande mbili siku ya kwanza. Ukipokea stoo bila hesabu, upungufu wa aliyekuwepo utakuwa wako. "Tutakurekebishia mshahara baada ya miezi mitatu" iandikwe na kiasi chake.

Barua iwe ukurasa mmoja: cheo unachoomba, tarehe ulizofanya kazi kwao, ulichokuwa unasimamia, lini unaweza kuanza. Sababu za kuondoka usizieleze, wala usiombe radhi kwa kuwa mkataba uliisha. Iandike kwa meneja rasilimali watu, nakala kwa meneja wa mradi, ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.