Barua kwa mwanangu: wasimamizi wa hifadhidata wakae wapi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu wakukabidhi idara ya teknolojia umewakuta wasimamizi watatu wa hifadhidata, yaani mifumo inayotunza data zenu, chini ya meneja wa miundombinu, pamoja na watu wa seva na mtandao. Sasa viongozi wa timu za programu wanataka wagawanywe, kila timu ichukue wake. Mkurugenzi anasubiri muundo mpya wa idara, nawe unaniuliza mimi niliyezeekea kazi hiyo: wakae wapi?

Kabla ya kuchora chochote, mwite kila mmoja peke yake umuulize wiki iliyopita alifanya nini. Mmoja atakutajia nakala rudufu, viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya ya programu), diski inayokaribia kujaa, seva ya akiba iliyobaki nyuma ya seva kuu. Mwingine atakwambia alikaa na waandishi wa programu wakipanga majedwali, akahangaika na ulizo, yaani ombi la kutafuta data, lililokuwa likichukua sekunde 40. Hizo ni kazi mbili zilizopewa cheo kimoja. Ya kwanza inaelekea kwa watu wa seva, ya pili kwa watu wa programu, ndiyo maana kila upande unaona wanapaswa kuwa wake.

Viongozi wa timu wana hoja, usiwapuuze. Msimamizi anayekaa mbali hupelekewa maombi kwa fomu, na fomu hukaa siku tatu. Watu wakichoka kusubiri wanajifunza kumkwepa. Mwishowe anayaona mabadiliko usiku ule ule yanapopelekwa kwa wateja, wakati ambapo hakuna tena anayetaka kumsikiliza.

Chukua jambo dogo kabisa: timu inaongeza safu moja kwenye jedwali la malipo. Kwenye kompyuta ya mwandishi wa programu jedwali hilo lina mistari 200, na amri inakwisha kufumba na kufumbua. Kwenye mfumo wa wateja lina mistari milioni 80. PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata hiyo, inataka kulifunga jedwali lote ili itekeleze amri hiyo, hata kama ni kwa nukta moja tu. Sasa kumbe ripoti ya fedha ilianza kulisoma saa tatu asubuhi na bado inaendelea. Amri inaisubiri ripoti. Anayekuja baada ya amri, hata mteja anayetaka kuona salio tu, anapanga foleni nyuma yake. Punde miunganisho yote imejaa na simu zinalia. Ukienda kwa watu wa seva watakuapia hakuna tatizo, maana kwao kichakataji kimetulia na diski imetulia. Msimamizi aliyeiona amri hiyo jana yake angeitanguliza kwa mstari mmoja: usipopata kufuli la jedwali ndani ya sekunde mbili, acha, tutajaribu baadaye. Mstari huo hauandikwi na mtu aliyeko ghorofa nyingine anayesubiri fomu.

Hata hivyo, usiwagawe. Ukimweka msimamizi chini ya kiongozi wa timu, umemweka chini ya mtu mwenye tarehe ya kukabidhi kazi. Atakaposema mabadiliko haya hayako tayari, anamwambia bosi wake, na bosi wake ndiye anayemwandikia tathmini. Mara ya tatu atanyamaza. Tena akiugua au akienda likizo, hakuna wa kushika nafasi yake, kwa sababu kila mmoja ameshajenga utaratibu wake. Na wakaguzi wa hesabu nao hawapendi anayeandika programu awe pia mwenye funguo za data ya fedha. Kule Marekani, tangu sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, inayosimamia taarifa za fedha za kampuni, swali la nani anaweza kubadilisha tarakimu bila kuacha alama si la kuulizana kirafiki. (Liulize hata kwa wasimamizi wenyewe: kumbukumbu za wanachofanya zihifadhiwe mahali ambapo wao hawawezi kufuta.)

Lakini kubwa kuliko yote ni urejeshaji. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akipambana usiku na seva ya akiba iliyogoma kufuatana na kuu. Akafuta saraka ya data akidhani yuko kwenye ile ya akiba, kumbe yuko kwenye kuu. Walipokimbilia nakala rudufu, hazikuwepo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono, kama saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine. Baadaye walieleza hadharani yaliyotokea, na walipojiuliza kwa nini utaratibu wa nakala haukuwa ukijaribiwa, jibu lao lilikuwa kwamba hakukuwa na mwenye jukumu hilo.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningewaacha watatu hao pamoja, na mmoja wao awe mkuu anayeripoti kwako moja kwa moja. Kumpitisha kwa meneja wa miundombinu kunafanya hifadhidata ionekane kama seva nyingine tu. Kila mmoja apewe timu ambayo anakaa nayo tangu siku ya kupanga kazi, lakini tathmini yake isiandikwe huko. Zamu za usiku wapokezane. Na kila mwezi nakala moja irejeshwe kwenye seva tupu, muda uliotumika uandikwe, na jina la aliyefanya liandikwe.

Mkurugenzi atakuuliza kwa nini msihamie kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, muachane nao. Mjibu kwa utulivu. Huduma ya hifadhidata kama RDS ya Amazon, iliyoanza mwaka 2009, kweli inabeba usakinishaji, viraka na nakala za kila siku. Inaweza hata kukurudishia data hadi dakika utakayoitaja, ila sharti awepo mtu wa kujua ni dakika ipi, na yatapotea yapi yaliyoingia baada yake. Nani aone mishahara na nani asione, hilo nalo huduma haikuamulii.

Yule uliyesema hapendi vikao, usimlazimishe. Mpe viraka na mazoezi ya urejeshaji, na timu yenye mabadiliko machache. Waonyeshe wote watatu muundo huo kabla haujafika kwa mkurugenzi, na wakikataa kitu niandikie wamekataa nini.

Mama yako