Geuza gauni ndani nje: niliyojifunza kwa mafundi wa Paris

Mwaka 2017 dada yangu anayekaa London alinipeleka makumbusho ya Victoria and Albert kuona nguo za Cristóbal Balenciaga, fundi mkubwa wa Paris. Nguo zilinipendeza, lakini kilichonisimamisha ni picha za eksirei zilizowekwa pamoja nazo. Gauni ambalo kwa macho limetulia tu, laini, halina neno, kwenye eksirei lilionyesha mifupa yake: vyuma vyembamba vya kushikilia kifua na vizito vidogo vilivyofichwa ili kitambaa kianguke vile fundi alivyotaka. Mtu mzima mimi, miaka kumi na mitano kwenye cherehani, nilihisi nimefunguliwa mlango wa chumba cha ndani.

Tangu siku hiyo mabinti wanaojifunza kwangu hapa Mombasa huniuliza ni wabunifu gani ninaowapenda, na mtu asiye na nauli ya Paris atajifunzaje kwao. Nimejibu mara nyingi kwa mkato. Leo najibu kwa kirefu.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: nguo ya bingwa usiitazame mbele tu. Tafuta mgongo wake, tafuta upindo, tafuta bitana. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yameweka kwenye intaneti picha za maelfu ya nguo, nyingine zikiwa zimepigwa mbele, nyuma na kwa karibu. Mimi hukaa na picha moja wiki nzima. Najiuliza mshono huu umekwenda wapi, mbona siuoni, kitambaa kimeanza kukunjwa wapi. Picha za wanamitindo jukwaani huwa nazipita haraka, kwa sababu hazinionyeshi kazi.

Hicho Wafaransa wanachokiita haute couture, ushonaji wa juu, kinalindwa na sheria yao tangu mwaka 1945. Mtu hajiiti hivyo kwa kupenda. Lazima awe na karakana Paris, ashonee wateja kwa vipimo vyao wenyewe, na aonyeshe kazi mpya Januari na Julai. Karakana zenyewe zimegawanyika: moja ya nguo laini kama magauni, nyingine ya makoti na suti. Na wale washonaji wanaokaa mezani kutwa wanaitwa "mikono midogo". Jina hilo nalipenda, maana linanikumbusha kwamba nyuma ya kila jina kubwa pamekaa wanawake wenye sindano.

Sasa Balenciaga mwenyewe. Alizaliwa 1895 Getaria, kijiji cha wavuvi kule Hispania ya kaskazini. Baba yake alikuwa mtu wa bahari, mama yake mshonaji, na kushona alijifunza miguuni pa mama. Alifungua duka San Sebastián mwaka 1917, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa kwao, na mwaka 1937 akafungua Paris. Alifanya kazi huko hadi 1968. Maonyesho ya nguo zake yakiisha hakutoka kupigiwa makofi, na waandishi wa habari aliwakwepa karibu maisha yake yote. Lakini Coco Chanel, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu wenzake, alikiri kwamba kati yao wote huyu ndiye aliyeweza kukata, kuunganisha na kushona kwa mkono wake.

Ugonjwa wa Balenciaga ulikuwa mikono ya nguo. Koti limekwisha, limepigwa pasi, yeye anaufumua mkono na kuupachika upya, na tena, mpaka ukae. Niliposoma hilo nilimkumbuka babu yangu, Mungu amrehemu, aliyeshona kanzu Mji wa Kale. Babu alikuwa na majina ya kila kipande: badani, taharizi, sijafu, kaba, lisani. Na palikuwa na kile kipande kidogo cha kwapani, kikwapa, ambacho mimi nilipokuwa mtoto nilikiona kama kiraka cha bure. Babu alinivalisha kanzu isiyo na kikwapa akaniambia, "Haya, chota maji kisimani." Nilipoinua mkono kanzu yote ikapanda nami hadi magotini. Hakunieleza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukimpachikia mteja mkono, usimwache akasimama mbele ya kioo mikono imelala. Mwambie ainue mkono kama anachukua kitu juu ya kabati. Mwambie ajikumbatie. Gauni likipanda lote, kazi haijakwisha. Na hapa mafundi wengi tunakosea: tukiambiwa kwapa linabana, tunalishusha chini tukidhani tunalipanua. Kwapa likishuka ndio linazidi kubana, kwa sababu mkono ukiinuka unabeba ubavu wote wa nguo. Liache karibu na kwapa la mtu, kisha umpe nafasi kwenye upana wa mkono wenyewe, au umtilie kikwapa kama cha babu.

Anayenigusa zaidi ya wote, lakini, ni Madeleine Vionnet. Alizaliwa 1876, akapelekwa kujifunza kushona akiwa bado mtoto, akafanya kazi London na Paris kwenye nyumba za mitindo za watu wengine, na mwaka 1912 akafungua yake. Hakuanza na mchoro. Alikuwa na kimwanasesere cha mbao, na juu yake alizungusha kitambaa mpaka kitambaa chenyewe kimwonyeshe njia. Alichokifanya ni kukata mshazari. Kitambaa ukikivuta kufuata uzi wa mtande, ule wa urefu, au wa mshindio, ule wa upana, kinakataa. Ukikivuta kati ya hizo mbili, kwa ulalo, kinanyumbuka na kuufuata mwili bila vifungo wala mikunjo ya kifuani. Wenzake walikuwa wakitumia mshazari kwa kola na vipande vidogo. Yeye aliufanya gauni zima, na akaagiza vitambaa vifumwe kwa upana mkubwa kuliko wa kawaida ili mkato wake utoshe.

Mimi mshazari ulinitia adabu. Nilimshonea bibi harusi gauni la satini, nimelikata kwa ulalo kama nilivyoona pichani, nikapinda upindo usiku uleule na kulitundika. Siku tatu baadaye, siku ya harusi, upindo ulikuwa umeshuka ubavuni huku na huku kama ndimi mbili, na katikati umebaki juu. Binti yule aliolewa nao vile vile. Alinishukuru kwa adabu, na hakurudi tena dukani kwangu. Bado nikiona picha ya harusi ile moyo unaniuma.

Kosa lilikuwa haraka. Kitambaa kilichokatwa mshazari hurefuka kwa uzito wake chenyewe, na hakirefuki sawasawa. Siku hizi nafanya hivi. Nakata kitambaa kikiwa tabaka moja, nimekitandaza chote mezani, sikikunji mara mbili. Naacha nafasi kubwa kwenye mishono. Napiga bandi kwa mkono kabla ya cherehani. Kisha nalitundika gauni usiku kucha, na kama kitambaa ni kizito, siku mbili, bila kuligusa. Ndipo mteja anakuja na viatu vyake vya siku hiyo, anasimama wima, nami napima upindo kutoka sakafuni kwa rula, nikimzunguka polepole. Upindo ni kazi ya mwisho kabisa. Mteja akinisukuma, namwambia gauni linapumzika.

Jambo la pili nililolichukua kwa mafundi hawa ni nguo ya majaribio. Kule hakuna anayetia mkasi kwenye hariri kabla ya kushona gauni zima kwa pamba ya bei nafuu, wakalivalisha, wakalichora kwa kalamu, wakalifumua, wakalitumia kama karatasi ya mkato. Sisi watu wa pwani kitambaa cha kazi hiyo tunacho siku nyingi: marekani. Kililetwa Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts karne ya 19, jina la nchi likabaki jina la kitambaa. Mita chache za marekani ni bei ndogo mno ukilinganisha na lesi ya harusi uliyoikata vibaya. Mteja atakuuliza mbona unamvalisha shuka. Mweleze. Akishaona unavyochora mabadiliko mwilini mwake mwenyewe, atakuamini hata kwenye bei.

Nirudi kwa Vionnet kidogo, kwani kuna sababu nyingine ya kumpenda. Alianza kazi utotoni, alijua njaa ya karakana. Alipojenga jengo lake barabara ya Montaigne miaka ya 1920, aliwawekea wafanyakazi daktari, daktari wa meno na chumba cha kulia, akawapa likizo yenye malipo kabla sheria ya Ufaransa haijamlazimisha mtu yeyote, maana sheria hiyo ilikuja 1936. Na ili nguo zake zisiibwe, alitia alama ya kidole gumba chake kwenye lebo. Wewe unayeajiri mabinti wawili watatu na kuwalipa kwa ahadi, msome huyu mama.

Christian Dior namheshimu, simpendi kwa kiasi hicho. Februari 12, 1947, watu wa Paris wakiwa bado na makovu ya vita na nguo za mgao, alionyesha sketi zilizomeza mita nyingi za kitambaa na viuno vilivyobanwa. Dunia ilishangaa, wengine walikasirika. Kiuno kile kinaumiza, mimi siwezi kumtakia mwanamke. Lakini kwa ufundi wa ndani, nainama: alirudisha mbinu za zamani zilizokuwa zimesahauliwa, karibu kila kitambaa akikitia bitana ya kukipa mwili. Ukitaka sketi isimame, usitegemee kitambaa cha juu. Jenga chini yake.

Kwa Chanel nimechukua kitu kimoja, mkufu mwembamba unaoshonwa ndani ya upindo wa koti ili koti lisiparamie kiuno. Nimeujaribu kwenye makoti ya akina mama wa ofisini na unafanya kazi. Maisha yake ya wakati wa vita, akikaa hotelini na afisa wa Kijerumani nchi yake ikiwa imekaliwa, siwezi kuyafunika kwa sababu ya koti zuri.

Azzedine Alaïa ni wetu wa Afrika, na mabinti wengi ninaokutana nao hawamjui. Ni mzaliwa wa Tunis, alisomea uchongaji wa sanamu huko huko, akashona ili apate fedha za masomo, akaenda Paris miaka ya 1950. Kwa Dior alidumu siku chache tu. Kwa miaka mingi alishonea wateja binafsi kwenye fleti yake ndogo, jina lake likipita kwa mdomo. Alipokuja kuwa mkubwa, alikataa kukimbizwa na kalenda: alionyesha nguo zilipokuwa tayari, basi. Mchana alikula jikoni na wafanyakazi wake. Balenciaga alipofunga mwaka 1968, Alaïa alipata baadhi ya nguo zake, na tangu hapo akawa anakusanya kazi za mabingwa wengine, akizichunguza kama mwanafunzi mpaka alipofariki Novemba 2017. Mtu mwenye mikono ile, bado anageuza nguo za wenzake ndani nje.

Na Januari 2020 Imane Ayissi wa Kamerun aliingia kwenye kalenda rasmi ya Paris. Hatumii vitenge vya wax, kwa hoja kwamba si asili yetu; anatumia vitambaa vinavyofumwa Afrika, rafia, na magome ya mti. Magome! Waganda wanayatengeneza kwa karne nyingi, hapa jirani tu, nasi tunayaona kama kitu cha maonyesho ya shule. Sikubaliani naye kabisa kuhusu kitenge, kwa sababu bibi zetu wamekipa maisha yao, lakini amenifanya niangalie upya nilichonacho karibu.

Lililobaki ni bei, na hapo namleta Ann Lowe, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyeshona gauni la harusi la Jacqueline Bouvier na John F. Kennedy mwaka 1953. Siku kumi kabla ya harusi bomba lilipasuka, maji yakaharibu gauni la bibi harusi na mengi ya wasindikizaji. Alinunua vitambaa upya, akashona upya na mafundi wake, akafikisha kwa wakati, hasara akaibeba yeye. Magazeti mengi hayakutaja jina lake. Maisha yake yote alitoza kidogo kuliko kazi yake, na madeni yakamwandama. Nikimfikiria, nachukua daftari. Naandika saa nilizokaa kwenye kila nguo, kufumua kukiwemo, na bei natoa humo. Malipo ya awali nachukua kabla ya kununua uzi, hata kwa jamaa.

Asubuhi hii mwanafunzi wangu ameufumua mkono wa kushoto wa koti kwa mara ya tatu. Amenuna kidogo. Nimemwachia picha ya Balenciaga mezani, kipande cha marekani na chaki. Mteja anakuja Jumamosi.