Nimeacha ngano na njaa haiishi: nifanyeje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, nina miaka 36. Baada ya kuharisha na kupungukiwa damu kwa muda mrefu, nilipimwa damu, kisha nikaingizwa kamera tumboni, nikaambiwa nina ugonjwa wa siliaki na nisile ngano tena. Hii ni wiki ya tatu. Njaa inaniuma kutwa, hata nikiwa nimetoka kula sasa hivi. Jioni harufu ya chapati za jirani karibu inilize. Na juzi nilijikuta nimenunua odowa, ule udongo wa kutafuna, sokoni Kibuye, kitu ambacho sijala tangu nilipombeba kitinda mimba wangu. Je, mwili unazoea tu, au nina tatizo jingine?

Jibu: Pole sana, mwalimu. Nitaanza na odowa, kwa sababu hiyo si njaa.

Hamu ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi mara nyingi huja pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo ukila ngano, huharibu zaidi sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo chuma kingi hufyonzwa. Kwa hiyo hata ukila vizuri, kwa sasa kinachoingia ni kidogo. Odowa yenyewe inaongeza shida: inaweza kushika chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe, na huenda ikabeba mayai ya minyoo au hata madini ya risasi. Rudi hospitalini wiki hii, uombe kupimwa kiwango cha damu na pia feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Ukipewa vidonge, vimeze ulivyoelekezwa. Chai isogeze mbali na mlo kwa saa moja hivi, maana majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa. Wanawake wengi ninaowahudumia huona aibu kutaja odowa. Wewe umeitaja, na umenisaidia kujua pa kuanzia.

Sasa njaa yenyewe. Kabla ya yote, andika ulichokula jana kwa saa zake. Miaka ya nyuma nilikuwa nikimpa mgonjwa orodha ya vyakula vya kuacha na kumruhusu aende, naye anarudi baada ya mwezi amekonda na amekata tamaa. Siku hizi nauliza kwanza: saa nne ulikuwa unakula nini? Mwalimu wa hapa kwetu hunywa chai na mkate alfajiri, hula mandazi mawili ofisini saa nne, na jioni chapati na maharagwe. Ukiondoa ngano bila kuweka kitu mahali pake, unabaki na chai tupu, chai tupu tena, kisha sahani ya wali na sukuma wiki. Na mandazi haikuwa ngano peke yake. Ilikuwa na mafuta na sukari pia, na vyote hivyo umeviondoa siku moja. Usiuite huo udhaifu wa moyo. Tumbo linadai chakula ambacho kweli halikupata.

Kwa hiyo jaza mapengo kabla saa yake haijafika. Asubuhi kula nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa, pamoja na yai moja au mawili. Kila yai lina takribani gramu 6 za protini, na protini hushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga mtupu. Saa nne beba karanga za kukaanga na ndizi mbivu, au parachichi. Mchana ugali wa mahindi au wa mtama unafaa kabisa, mradi kando yake kuwe na omena, ngege, ndengu au nyama, si mboga peke yake. Chuma cha samaki na nyama hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mboga, na ukikamua limau juu ya osuga au kunde unazisaidia nazo. Nyoyo ya mahindi na maharagwe ni chakula kizima. Pika nyingi Jumapili, ukipashe moto siku mbili zinazofuata.

Kuna sababu nyingine ya njaa hiyo. Vinyweleo vya utumbo, vile vinavyofyonza chakula, vilikuwa vimelala, na sasa vinaanza kuinuka. Tumbo huweza kutulia ndani ya wiki chache, lakini kwa mtu mzima utumbo kupona hasa huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwili uliokosa kwa muda mrefu unataka kulipwa, basi usijinyime sahani ya pili. Maziwa ya kawaida yakikujaza gesi kipindi hiki, jaribu maziwa lala. Sukari ya maziwa imepungua humo, na utumbo uliojeruhiwa huyavumilia zaidi.

Ugonjwa huu ulieleweka zaidi wakati wa njaa kubwa. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulikosekana, na daktari Willem Dicke akaona watoto wenye siliaki wanapata nafuu huku wengine wakidhoofika. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Kilichowaponya watoto wale ni kukosa ngano, si kukosa chakula. Nawe huhitaji kulala njaa ili upone.

Kuhusu harufu ya jirani: wapo wanaosema gluteni, ile protini ya ngano inayokuumiza, hulevya kama bangi. Hilo halijathibitishwa. Ninachokiona kwa wagonjwa ni mazoea ya saa na mahali. Ukifika nyumbani saa kumi na moja tumbo likiwa tupu, chapati itakushinda. Kula kitu saa kumi, kabla hujatoka shuleni.

Na uwe na chapati yako. Chukua vikombe viwili vya unga wa mtama au wimbi na kikombe kimoja cha viazi vitamu vilivyopondwa. Tia chumvi, kisha mimina maji yanayochemka kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko. Lazima yawe yanachemka: unga huu hauna gluteni ya kuushikanisha, na wanga ulioiva kwa maji moto ndio unaofanya kazi hiyo. Subiri upoe kiasi cha kushikika, ukande, ufanye donge dogo, ulibonyeze kwa viganja kati ya vipande viwili vya jani la mgomba. Bandua jani la juu, pindua chapati kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, kisha bandua la pili. Ya kwanza itakatika. Ya tatu utaila ingali moto.

Kwa unga huo nunua nafaka nzima, uioshe, uianike, na uulize poshomili kama mashine hiyo husaga ngano pia. Unga wa uji uliochanganywa tayari usiununue bila kujua kilichomo. Samaki wa kukaanga ufukweni uliza kama amepakwa unga, na chipsi kama mafuta yake yamekaanga mandazi. Watoto wako waendelee na chapati zao, lakini wewe uwe na kikaango, mwiko na chungio lako. Shayiri na rai, nafaka za jamii ya ngano, nazo zina gluteni. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, na vumbi la ngano kwenye chungio linatosha kukivuka. Kidogo hicho kila siku huzuia utumbo usipone, na njaa inabaki palepale.

Mwisho, umeuliza kama kuna tatizo jingine. Jipime uzito kila wiki kwenye mizani ileile. Ukiendelea kupungua ilhali unakula vizuri, au njaa ikifuatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, nenda ukapimwe sukari siku hiyohiyo. Kisukari cha aina ya kwanza na siliaki huwapata watu walewale mara nyingi kuliko wengine, na hicho hakingoji miadi.