Kijana aliyekuja matangani, je, ana fungu?

SWALI: Sheikh, asalaam alaykum. Baba yetu amefariki, tumebaki mama, vijana wawili na dada mmoja. Mali ni nyumba ya kupangisha hapa Eastleigh. Matangani alitokea kijana ambaye kumbe baba alikuwa akimlipia karo miaka yote. Mama anasema ni mtoto wa nje. Anarithi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Allah amrehemu mzee wenu.

Ndugu yangu, mmejuaje kuwa ni wa nje? Kwa kuwa hakuna cheti? Nairobi hii watu wameozeshwa kwa walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili na mahari, wakaondoka bila karatasi, na mke mkubwa asijue mpaka siku ya maziko. Nikaha hiyo ni nikaha. Hata ikiwa na kasoro, maadamu waliingia wakiamini ni halali, nasaba ya mtoto inathibiti. Basi muulizeni mama yake kwa adabu, mtafuteni walii na mashahidi. Ikithibiti, mali ni mafungu 56: thumni (moja ya nane) ya mjane 7, kila kijana 14, dada 7. Na mama wa kijana, kama hakuachwa, anagawana thumni hiyo na mama yenu. Najua hilo litamuuma.

Isipothibiti, sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunashika hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtoto ni wa firashi, yaani kitanda cha ndoa: kijana hamrithi huyo mzee, anarithi upande wa mama yake. Mafungu yatakuwa 40: mama 5, nyinyi wawili 14 kila mmoja, dada 7. Ila pekueni kama mzee aliusia. Kwa kuwa kijana si mrithi, wasia kwake unapita hadi thuluthi ya kinachobaki baada ya madeni. Hata pasipo wasia, nanyi ni watu wazima, kila mmoja anaweza kumkatia katika fungu lake. Dhambi ya wazazi, kama ilikuwepo, yeye haibebi.

Msimfukuze. Kadhi husikiliza mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimeridhia. Kijana akikataa, ataelekea Mahakama Kuu. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu (Supreme Court) iliamua kuwa watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nayo kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, lakini ndiyo hukumu iliyopo. Nendeni kwa Kadhi pamoja naye, na kodi ya nyumba isiguswe na mtu hadi hapo.