Dera Lilipoanza Kuburuza

Nilikuwa na miaka 61 nilipoteleza jikoni, hapa kwangu Tanga. Sikuanguka kutoka juu ya kitu. Nilikuwa nimesimama tu, nikatanguliza mkono, kifundo kikavunjika. Hospitali wakanifunga hogo, wiki sita wakalitoa, wakaniambia, "Nenda bibi, ni uzee." Mfupa waliutibu vizuri. Kwa nini umevunjika kirahisi vile, hakuna aliyeuliza, na mimi nikaona haya kuuliza. Kumbe ilikuwa osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi.

Haya hiyo ilinigharimu mgongo. Mwaka uliofuata niliinua ndoo ya maji, nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Baadaye madera yangu yakaanza kuburuza chini. Nikamlaumu fundi, mpaka dera la zamani nalo likaburuza. Kumbe ni mimi niliyefupika, mifupa ya mgongo imebonyea. Pima kimo chako ukutani, usingoje nguo ikwambie.

Safari ya pili nilikwenda na binti yangu na daftari. Nilikuwa nimeandika: nilianguka nikiwa nimesimama, hedhi ilikoma nina miaka 43, nimemeza prednisolone za pumu miaka mingi. (Hedhi kukoma mapema na dawa hizo, vyote hudhoofisha mifupa. Ila dawa usiziache mwenyewe ghafla, ni hatari. Zungumza na daktari.) Kisha nikamuuliza, "Daktari, mtu akiteleza tu, mkono unatakiwa uvunjike?" Akanyamaza, akalifungua faili upya.

Kipimo cha DEXA, kinachopima uimara wa mifupa, nilikifuata Dar es Salaam. Ni eksirei hafifu, unalala dakika chache, hakiumi. Kinatoa alama iitwayo T, ikiwa -2.5 au chini ya hapo, ni osteoporosisi. Yangu ilikuwa -3.1. Nikaomba nakala ya majibu. Ombeni, msione mnasumbua watu.

Nilianzishiwa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, bila maelezo zaidi. Nikameza na chai, nikajilaza. Kifua kiliwaka moto siku nzima! Mfamasia wa duka la dawa, kijana mdogo tu, ndiye aliyenifundisha: asubuhi kabla ya kula, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa bila kulala wala kuinama. Akaniuliza pia kama nina jino la kung'olewa, maana ni vizuri meno yatazamwe kabla ya kuanza.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Kwa macho sionekani mgonjwa, basi mkwe ananiachia ndoo. Siku hizi nasema wazi: "Mwanangu, mfupa wangu ukivunjika utaniuguza wewe. Nichotee." Kwenye daladala nampigia konda kelele gari lisiondoke sijakaa. Dagaa nawala wazima na mifupa yao. Na swala nasali kwenye kiti, baada ya kumuuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuhusu kuinama kwangu; kuna waliosema nimejidekeza.

Mmoja wa hao waliosema, mwenzangu wa kikoba, juzi kanishika mkono pembeni. Dera lake linaburuza. Jumatatu tunakwenda wote, na daftari nimeshamnunulia.