Kwa uliyeuliza kuhusu Krismasi ya ukweni

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema wewe ni Mwislamu, mkeo ni Mkristo, na wakwe zako wamewaalika kwao tarehe 25 Desemba. Rafiki yako kakutumia ujumbe kwamba siku hiyo ni ya kuzaliwa kwa mungu jua wa Warumi, kwa hiyo ukienda utakuwa umeingia kwenye ushirikina. Unataka kujua kama ni kweli, na kama uende. Mimi si shehe wala mwanahistoria, lakini nimezaliwa kwenye nyumba yenye swali hilohilo. Marehemu baba alikuwa Mwislamu, mama ni Mkatoliki mpaka leo, na mimi nimelelewa Mwislamu.

Nianze na hilo la jua, kwa sababu liliwahi kunifanya nimuumize mama.

Nilikuwa na miaka 19, nimerudi nyumbani likizo na kijitabu nilichopewa na wenzangu. Ilikuwa mchana wa tarehe 24, mama anapiga pasi gauni la misa ya usiku. Nikasimama mlangoni nikamsomea kwa sauti kwamba kanisa lake linasherehekea jua. Hakunijibu. Pasi ilisimama palepale kwenye kola, mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. Akaiinua, akaitazama ile alama ya kahawia, akaenda kutafuta gauni jingine. Baba alikuwa sebuleni, kasikia kila neno. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Umesoma wapi, na huyo aliyeandika kasoma wapi?"

Imenichukua miaka kulijibu swali lake.

Injili hazitaji tarehe. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa kwa Yesu, lakini siku hawaitaji. Karibu na mwaka 200, Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo wa kule Misri, aliandika siku ambazo watu wa zama zake walikuwa wakizikisia. Ipo ya Mei, zipo za Aprili, ila 25 Desemba haimo. Tarehe hii tunaikuta kwa mara ya kwanza kwenye jalada moja la kalenda la mjini Roma, lililokusanywa mwaka 354, ndani yake kukiwa na orodha ambayo wasomi wengi wanaipeleka nyuma hadi 336. Humo imeandikwa kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi siku hiyo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokata habari katikati. Jalada hilohilo, kwenye orodha nyingine ya sikukuu za mji, tarehe hiyohiyo, limeandika kuzaliwa kwa "Asiyeshindika" pamoja na mbio 30 za magari ya farasi. Wasomi karibu wote wanasema huyo ni Jua, ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu Roma mwaka 274. Kwa hiyo rafiki yako hajatunga. Lakini hakuna andiko la zamani zaidi ya hilo linaloitaja wazi sikukuu hiyo ya jua kuwa ni ya 25 Desemba. Sikukuu zote mbili zinajitokeza ndani ya jalada moja. Nani kamwiga nani? Anayekuapia kwamba anajua anasema zaidi ya maandishi yenyewe. Maelezo yanayotamka waziwazi kwamba kanisa lilichukua siku ya jua yako pembezoni mwa andiko la karne ya 12 la Kisiriaki, lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki ya Kati, miaka mia nane baadaye!

Ipo na njia nyingine ya kuifikia tarehe hiyo, na mimi naiona nzito. Wakristo wa kale wa Magharibi waliamini kwamba Yesu alikufa tarehe 25 Machi, na kwamba siku hiyohiyo ndiyo aliyotungwa mimba. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, anaieleza imani hiyo. Hesabu miezi tisa mbele, unaangukia 25 Desemba. Wakristo wengine wa Mashariki walikuwa na 6 Aprili, nao wakaangukia 6 Januari, na Kanisa la Armenia linaadhimisha siku hiyo hadi sasa. Waethiopia na Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, kusherehekea 7 Januari ni suala la kalenda tu, maana kalenda ya kale wanayoifuata ipo nyuma ya hii yetu siku 13 kwa sasa.

Je, jua halikuwahi kuwasumbua Wakristo? Liliwasumbua sana. Katikati ya karne ya tano Papa Leo wa Kwanza, katika mahubiri yake ya Noeli, aliwakemea waumini waliokuwa wakipanda ngazi za Basilika la Mtakatifu Petro, wakifika juu wanageuka na kuliinamia jua linalochomoza kabla ya kuingia ndani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama na pasi yake. Nilimtuhumu kwa jambo ambalo papa wake alilikemea zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Na lile la baba, la aliyeandika kasoma wapi, nalo lina jibu. Hoja zile hazikuanza na Waislamu. Waliozishupalia zaidi ni Wakristo wenyewe, Waprotestanti wa Kipuritani, waliotaka kuondoa kanisani kila kisichomo kwenye Biblia. Bunge la Uingereza liliifuta sikukuu hii mwaka 1647, na koloni la Massachusetts, huko Marekani, likaweka faini ya shilingi tano mwaka 1659 kwa atakayeiadhimisha, sheria iliyodumu mpaka 1681. Hata leo wapo Wakristo wasioisherehekea kabisa, na Mashahidi wa Yehova wanakataa. Kijitabu changu kilikuwa kimeokota ugomvi wa ndani ya nyumba ya watu.

Mti wa Krismasi usikunyime usingizi. Ni desturi iliyoanzia kwa Wajerumani na kusambaa kwingine karne ya 19. Hakuna anayeuswalia.

Turudi kwako. Baba kila tarehe 24 usiku alimsindikiza mama mpaka mlango wa kanisa. Hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje chini ya taa, tasbihi mkononi na pochi ya mama mapajani, mpaka misa iishe. Nilipokuwa mdogo nilikaa naye. Usiku mmoja wanakwaya walikuwa wanaimba kuhusu mtoto, nikamuuliza wanamwimba nani. Akasema, "Isa mwana wa Maryam." Kisha akanisomea taratibu kutoka Sura Maryam, pale Maryam anaposhikwa na uchungu na kwenda kwenye shina la mtende, akisema laiti angekufa kabla ya hayo. Nilikuwa sijui kwamba kwetu nako kuna kisa cha kuzaliwa kwake, wala kwamba Maryam ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani. Baba hakunificha tulipoachana nao. Alisema wale wa ndani wanamwita Mwana wa Mungu, sisi tunamwita Mtume, na jambo hilo si dogo.

Ndiyo maana jibu langu ni nenda, ila nenda ukijua unakwenda kufanya nini. Kula nao, kwa kuwa chakula cha waliopewa Kitabu kimeruhusiwa katika Sura Al-Maida aya ya 5, na kile kisicho halali waambie mapema kupitia mkeo, usisubiri kukisukuma pembeni mezani. Wakisali, tulia kwa adabu. Usiitikie sala usiyoiamini kwa ajili ya kuwafurahisha, maana wakwe wanaona, na heshima ya kuigiza huwa inawauma baadaye. Kuhusu kutoa salamu za sikukuu, wanazuoni wamehitilafiana kweli. Wapo wanaoharamisha, wapo wanaoruhusu wakitegemea Sura Al-Mumtahina aya ya 8, inayosema Mungu hawakatazi kuwatendea wema wasiowapiga vita. Muulize shehe unayemwamini, kisha umweleze mkeo msimamo wako kabla ya safari. Kinachomvunja moyo mke ni kuugundua mbele ya wazazi wake.

Na ule ujumbe wa rafiki yako usiufungue mezani kwa wakwe. Kama shemeji zako wanapenda historia, siku nyingine wasimulie habari ya lile jalada la Roma, na wao wakusimulie yao.

Baba alifariki, sasa mama namsindikiza mimi. Nakaa kwenye benchi lilelile, pochi ni nyingine. Msamaha nilishaomba, zamani, naye alisema ameshasahau. Mwaka jana alitoka nje ya misa amevaa lile gauni la pasi. Kola ameibadilisha, kaweka nyeupe, kaishona kwa mkono mwenyewe.